Ukichimba, Ufukie

Kila chombo alichokifinyanga Adero Ajwang kilikuwa na tawi dogo la mgunga limekandamizwa kitakoni, na tawi hilo ndilo lililokuwa saini yake. Hakuandika jina. Alisema jina ni la kitambulisho na la msalaba wa kaburi. Chombo kijulikane kwa jani. Kuanzia Kitengela hadi Kajiado wenye kujua walijua: ukigeuza kikombe ukaliona tawi lile, kikombe hicho hakivuji wala hakipasuki, na aliyekifinyanga hatakupunguzia bei hata ukilia machozi ya damu.

Tuseme mapema kwamba hakuwa mtu wa kupendeka, asije msomaji akadhani anasimuliwa habari za malaika. Mteja mmoja aliwahi kumwambia kwamba bakuli lake ni ghali kuliko la supamaketi. Adero alilinyanyua bakuli, akaliachilia likaanguka miguuni pa yule mama, akasema, "Sasa halina bei. Nenda supamaketi." Kisha akachukua ufagio. Wanawake wa kanisani walioisikia habari hiyo walicheka, lakini hawakumwita tena kwenye chama chao. Naye hakuuliza kwa nini.

Alizaliwa magharibi, karibu na ziwa, akalelewa na nyanya aliyefinyanga mitungi ya maji na vyungu vya mboga. Nyanya huyo alimfunza kugonga chungu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hukohoa. Alimfunza pia asimuuzie mtu chungu ambacho yeye mwenyewe asingekitumia jikoni kwake. Adero akasoma, akapata diploma, akafundisha sanaa katika shule ya upili miaka tisa. Shule ilipoliondoa somo hilo, mwalimu mkuu alimtaka achague kufundisha dini au aondoke. Akaondoka. Wakati huo mumewe, Elphas, alikuwa ameajiriwa kutunza majalada katika ofisi za kaunti huko Kajiado, nao wakawa wamejenga Kitengela. Nyuma ya nyumba Adero akasimamisha banda la mabati, gurudumu la kufinyangia na tanuri la matofali.

"Mke wa mtu wa ofisi anacheza na matope," alisema mamake Elphas alipokuja kuwatembelea.

"Na Mungu je?" Adero akamjibu. "Yeye alimuumba Adamu akicheza na nini?"

Bibi kizee akafunga leso yake, na hajarudi hadi leo.

Vyombo vyenyewe, hata adui zake walikiri, vilikuwa na uhai. Kabla nyumba za kupanga hazijameza mbuga yote nyuma ya mtaa wao, Adero alizoea kutembea huko kila asubuhi akiokota maganda ya mbegu, manyoya ya kanga na matawi ya mgunga. Alifinyanga vikombe vyenye vinundu kama vya ile migunga mifupi inayopiga mluzi upepo ukivuma. Alifinyanga majagi yenye shingo ya mbuni, na sahani za rangi ya nyasi za Agosti, nyasi zilizokata tamaa ya mvua. Juu ya kila sahani alilaza tawi, akalikandamiza, akalibandua; motoni alama yake ikabaki kama unyayo wa ndege.

Lakini udongo wa Kitengela haufai. Ule mweusi wa mbugani hupasuka hata kabla haujakauka. Wa kwake Adero aliupata katika korongo moja njiani kuelekea Kajiado, kwenye shamba la Naserian, mjane Mmaasai mwenye ng'ombe ishirini na maneno machache. Naserian hakutaka kodi. Alitaka jambo moja tu, akalisema siku ya kwanza akiwa amesimama langoni na fimbo yake.

"Ukichimba, ufukie. Siku hiyohiyo. Ng'ombe yangu inapita hapa ikienda maji, na ng'ombe haisomi kibao."

Kwa miaka saba Adero alichimba na kufukia, akachimba na kufukia.

Udongo huo nao ulitaka uangalifu, kwa sababu nchi ile ina mawe ya chokaa. Punje ya chokaa iliyojificha udongoni, hata iwe ndogo kama mbegu ya wimbi, hutoka tanurini kimya. Hainung'uniki. Lakini baadaye hunywa unyevu kidogo kidogo, ikavimba, na siku moja hurusha kipande cha sahani kama ukucha uliong'oka, ikaacha shimo lenye doa jeupe. Kwa hiyo Adero alichekecha udongo wake mara mbili katika neti ya mbu, na vyombo vikishatoka motoni alivipanga kwenye rafu chini ya magunia mabichi wiki tatu nzima. Kilichotaka kulipuka kilipuke hapo, mbele yake. Ciku, mwenye duka la mapambo kando ya barabara ya Namanga na mnunuzi wake mkubwa, aliiita rafu hiyo karantini.

"Vyombo vyako vina corona, Mama Sydney?" alimtania, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Havina. Ndiyo maana navingojea," Adero alijibu.

Mwezi wa Novemba mwaka jana, Adero alikuwa korongoni kwa Naserian na shimo la kufika kiunoni. Pikapu ilikuwa imejaa. Wingu lilikuwa limesimama juu ya vilima na dereva alikuwa akipiga honi kama mtu anayefukuza mbuzi. Adero aliliangalia shimo, akaliangalia wingu, akasema atarudi Jumatatu. Jumatatu alikuwa na tanuri la kuwasha. Jumanne akasahau. Siku ya Alhamisi mtamba wa Naserian, mwekundu mwenye doa jeupe usoni, alitumbukia katika shimo hilo lililojaa maji ya mvua, akavunjika mguu.

"Mama vyungu," Naserian alisema kwenye simu, "kuja uone kitu umefanya."

Adero alifika wakati wanaume wanamchuna mtamba, aliyekuwa ameshachinjwa. Neno pole ni jepesi. Mtoto wa miaka miwili hulijua. Adero alikuwa nalo mdomoni, kisha akaona watu wanamtazama, akalimeza.

"Ng'ombe ana macho," akasema. "Na mchungaji wako alikuwa wapi?"

Naserian hakupaza sauti. Aliwapita wale wanaume, akaenda langoni, akangoja mpaka Adero akatoka, akazungusha mnyororo.

"Udongo imeisha," akasema.

"Itaishaje? Korongo lote limejaa udongo."

"Kwako imeisha."

Jioni hiyo Elphas alirudi kutoka kazini akiwa ameshasikia. Kajiado si mahali pa kuficha habari ya ng'ombe.

"Ulimwambia pole?"

"Pole inafufua ng'ombe?"

"Lakini shimo uliacha wewe."

"Na wewe uliacha choo cha nje kikafurika mwezi mzima, Baba Sydney. Nilikuitia chifu?"

Elphas aliisukuma sahani yake, ambayo kama zote za nyumba hiyo ilikuwa na kasoro, maana nzima zilienda dukani. "Mfinyanzi hulia gaeni," akasema. "Hiyo nimevumilia. Lakini hatulii gaeni na kutukana majirani pia."

Adero akaondoa vyombo mezani. Wiki ziliisha, akiba ya udongo ikaisha, na kila mara jina la Naserian lilipotajwa Adero alitafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Januari Ciku akaja mbio na habari. Mtu mmoja aitwaye Musila alikuwa anafungua mkahawa mkubwa kwenye barabara ya Namanga, na alitaka sahani mia mbili zenye tawi la mgunga kabla ya mwisho wa mwezi.

"Sina udongo," Adero akasema.

"Udongo ni udongo. Shemeji yangu ako na machimbo ya mawe hapa tu nyuma. Chini ya mawe kuna udongo ya kijivu, laini kama unga. Kesho nakuletea lori."

Lori likaja. Adero akaokota bonge, akalivunja. Ndani yake palikuwa na chembe nyeupe.

Hakudanganywa na mtu. Hakuna aliyemshika mkono. Alikuwa amefanya kazi hiyo nusu ya maisha yake na alizijua chembe zile kama anavyoyajua meno yake. Lakini kuikataa kazi ya Musila kungekuwa kukiri kwamba mnyororo wa mjane mmoja umemfunga mikono, na hilo hakuwa tayari kulikiri hata mbele ya ukuta. Hivi ndivyo watu waadilifu wanavyoharibika. Hawaamki asubuhi wakaamua kuwa wezi. Wanakataa tu kusema neno moja, kisha wanahitaji uovu mdogo ili wasilazimike kulisema.

Alichekecha mara moja badala ya mbili, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi. Alifinyanga, akakandamiza matawi juu, akakandamiza saini yake chini, akawasha moto. Sahani zilitoka nzuri ajabu. Alizigonga kwa kifundo cha kidole moja baada ya nyingine, zote zikalia kama kengele, maana chokaa haina ufa wa kukohoa. Magunia mabichi yalikuwa yametundikwa msumarini. Ciku naye alikuwa mlangoni, gari likiunguruma.

"Musila anafungua Jumamosi. Karantini hakuna."

"Pakia," Adero akasema.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Ciku alirudi na mfuko wa karatasi. Aliumwaga juu ya meza ya Adero. Ilikuwa sahani moja, na juu yake palikuwa na mashimo manne, kila moja na jicho lake jeupe.

"Zinaruka," Ciku akasema. "Zinaoshwa, zinawekwa kwa kabati, asubuhi unapata zimetema vipande. Moja iliruka mteja akikula. Alipata kigae ndani ya maharagwe."

"Ameumia?"

"Amekasirika. Sasa sikiliza, usianze na yako. Tunaziba na gundi na rangi. Zenye haziwezi zibwa tunaweka kikaratasi: 'Kasoro za asili.' Watu wa pesa wanapenda hiyo maneno. Si wewe unatengeneza vitu za mazingira? Sema ni mazingira."

Adero alipitisha kidole juu ya mashimo, moja baada ya jingine. Hesabu ya uongo ule ilikuwa rahisi, na ni kweli kwamba wangepatikana wa kuununua. Kisha akaigeuza sahani. Tawi lake lilikuwa pale kitakoni, zima kabisa, na kando yake shimo.

"Mazingira hayajaiweka hii chokaa," akasema. "Niliiona udongoni nikanyamaza."

"Hata mimi niliiona. Kwani nilikufa?"

"Nakwenda kuzichukua."

"Zote? Mbele ya watu?" Ciku alicheka bila furaha. "Adero, ukitoka kwa huo mlango wa Musila umebeba hizo sahani, hilo tawi lako limekwisha. Nani atanunua? Na mimi sitaki kitu yako kwa duka yangu. Sitaki watu waulize."

"Basi vitoe vyangu vilivyoko dukani."

"Natoa leo."

"Toa sasa hivi. Umekaa juu ya kiti changu."

Mkahawa wa Musila ulikuwa umejaa wakati wa chakula cha mchana. Huyo Musila alikuwa mtu mpana mwenye sauti ya mnadani, na alipomwona Adero na makatoni yake hakumpeleka ofisini. Alimsimamisha katikati ya meza.

"Wateja wangu, huyu ndiye mwenyewe! Mama, mimi niliagiza sahani. Sikuagiza bisi za kurukaruka."

Watu wakacheka. Adero alianza kukusanya. Alichukua za kabatini, za jikoni, akangoja mezani wale waliokuwa hawajamaliza wamalize, akachukua na hizo zikiwa na mchuzi.

"Hizo ni nzima, wachana nazo," Musila akasema.

"Ni nzima leo."

"Unaniacha nikiwa mikono mitupu? Watu wangu watakulia wapi, kwa majani ya ndizi?"

"Nitakufinyangia nyingine. Ukiwa hutaki, nitakurudishia pesa."

"Nataka sahani. Lakini utafinyanga na udongo gani? Huu wa bisi?"

Adero akabeba katoni ya mwisho, akatoka nayo.

Elphas alipofika nyumbani alimkuta mkewe ameketi bandani, nyundo mkononi, akivunja. Sahani mia mbili, moja moja. Hakuzirusha wala hakupiga kelele. Aliweka, akapiga, akasukuma vigae kando, akaweka nyingine. Elphas alisimama mlangoni na mfuko wake wa kazini.

"Neno moja tu, Mama Sydney. Lingetosha mwezi wa Novemba."

"Najua."

"Wahenga walisema mwiba wa kujidunga..."

"Ukimaliza hiyo methali nitakupiga na nyundo."

Elphas aliweka mfuko chini, akachukua gunia, akalishika mdomo likiwa wazi ili Adero atie vigae.

Jumamosi pikapu iliwaacha, Adero na magunia yake sita, mbele ya lango lenye mnyororo. Naserian alikuja polepole kutoka zizini.

"Takwenya," Adero akamsalimu kwa Kimaasai. Neno la kuitikia ni moja na ni fupi, iko, na Naserian hakulitoa.

"Umebeba nini?"

"Vigae. Na jembe. Lile shimo bado liko wazi?"

"Nilizungushia miiba. Nilitaka likae hivyo, kila mtu anayepita aulize." Alimtazama Adero kuanzia kichwani hadi miguuni. "Umekuja kwa sababu ya mtamba wangu ama kwa sababu ya udongo?"

Pale palikuwa na jibu tamu na jibu la kweli. Adero alikuwa amelitayarisha lile tamu njiani.

"Nilitoka nyumbani kwa sababu ya udongo," akasema. Kisha, kwa shida ya mtu anayetoa mwiba wa siku nyingi: "Pole kwa mtamba. Shimo lilikuwa langu."

"Miezi mitatu," Naserian akasema. "Hiyo pole ilikuwa inatembea kwa miguu kutoka Kitengela?"

Akafungua mnyororo.

Alipoona vigae vinataka kumwagwa, aliinua fimbo. "Hiyo takataka yako itakata ng'ombe wangu miguu!"

"Nitaiweka chini kabisa."

"Chini kabisa. Halafu mawe. Halafu udongo. Halafu ukanyage. Na ile miiba uirudishe pale uliitoa... hapana, niliitoa mimi. Irudishe hata hivyo."

Adero alishuka shimoni. Alitandaza vigae, na hapa na pale kimoja kikawa na kipande cha tawi la mgunga kikimtazama kutoka chini. Akavifunika kwa mawe aliyoyabeba kifuani kutoka ukingoni, moja moja, chini ya jua ambalo halikumhurumia, naye hakustahili kuhurumiwa. Akajaza udongo. Akakanyaga. Naserian aliketi juu ya jiwe kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakumpa hata maji.

"Mvua ya Machi ikinyesha nitaangalia," akasema shimo lilipokuwa sawa na ardhi. "Shimo iliyofukiwa na uvivu inashuka. Nenda."

Mnyororo ukarudi mahali pake.

Musila alipiga simu kila wiki. "Sahani yangu iko wapi?"

"Nangojea mvua," Adero alimjibu, na Musila akasema amesikia visingizio vingi vya mafundi lakini hicho ni kipya. Duka la Ciku lilijaa vyombo vya kiwandani vilivyochapwa majani ya plastiki. Kanisani wanawake walinong'ona kuhusu bisi. Adero aliketi bandani mbele ya gurudumu lisilozunguka, akiwa na mikono safi kwa mara ya kwanza tangu aache ualimu, na usafi huo ulimkera.

Mvua ilinyesha katikati ya Machi, siku nne mfululizo. Siku ya tano, bila kuitwa na mtu, Adero alitia jembe na magunia mawili ya changarawe katika pikapu akaenda. Alijua kazi yake. Alijua kwamba alikanyaga akiwa amechoka, na kwamba mahali pale patakuwa pameshuka angalau kiganja.

Lango lilikuwa wazi. Naserian alikuwa ameketi juu ya jiwe lilelile.

"Takwenya."

"Umechelewa. Lango liko wazi tangu asubuhi." Akanyoosha fimbo. "Limeshuka."

"Najua."

Adero alijaza changarawe, akajaza udongo, akakanyaga mpaka kisigino chake hakikuacha alama. Alipomaliza, Naserian alielekeza fimbo ng'ambo ya pili ya korongo, mbali na njia ya ng'ombe.

"Chimba pale. Kidogo. Na mimi siondoki mpaka ufukie."

Alichimba madebe mawili tu, yasiyotosha hata sahani kumi. Hakuomba la tatu. Alilifukia shimo, akalikanyaga, akatandaza nyasi zilezile zilizong'olewa, akasimama kando na jembe lake. Naserian akaja, akainua fimbo yake kwa mikono miwili, akaichoma pale kwa nguvu zote za mjane mwenye ng'ombe kumi na tisa.

Fimbo haikuzama.